Trekta kuukuu limegoma kuwaka: anza na moshi, pampu iwe ya mwisho

Kabla hujashika spana, muweke mtu kwenye kiti apige stata sekunde kumi, na wewe simama pembeni ulitazame bomba la ekzosi. Injini iache kwanza. Tazama kinachotoka kule juu, kama kipo, na rangi yake. Injini ya dizeli haina plagi wala koili. Inataka izunguke kwa kasi ya kutosha, hewa ibanwe ndani ya silinda mpaka iwe ya moto, na dizeli iingie ikiwa imepulizwa kama ukungu. Moshi unaotoka, au unaokataa kutoka, unakuonyesha ni lipi kati ya hayo limekosekana, na bado hujafungua nati hata moja.

Ninayemwandikia hasa ni mwenye Massey Ferguson 135, kwa kuwa ndilo trekta nililokulia juu yake hapa Karatu. Lilianza kutengenezwa Coventry, Uingereza, mwaka 1964, na mpaka leo utaliona likilima, likivuta tela la mahindi, au limesimama uani likizungusha mashine ya kupukuchulia. Injini yake ya dizeli ni Perkins AD3.152, silinda tatu, lita 2.5, na pampu ya nozeli, yaani ile inayosukuma dizeli kwa presha kwenda kwenye nozeli zinazoipuliza ndani ya silinda, ni ile ya kampuni ya CAV, ya duara. Mwenye Massey 240, Massey 165 au Ford 5000 naye atafaidika, ila asishangae skrubu nyingine zikiwa mahali tofauti.

Kilichonisukuma kuandika ni pampu. Mvua ya vuli ikinyesha, siku za kulima zinahesabika, na trekta likigoma siku hizo mtu hukimbilia kitu cha gharama kubwa kuliko vyote. Mwaka mmoja trekta letu lililala wiki mbili katikati ya msimu. Fundi tuliyemwita aliishusha pampu ya nozeli, ikapelekwa mjini kupimwa, tukalipa, ikarudi, ikafungwa, na trekta likagoma vilevile. Dereva mmoja mzee wa kijiji cha pili alipita njiani, nikamwamkia, akauliza, "Mwanangu, linatoa moshi?" Nikamjibu halitoi hata chembe. Akainama, akausukuma kwa kidole mkono mdogo wa kuzimia ulio ubavuni mwa pampu, akasema, "Piga." Likawaka. Waya wa stopa ulikuwa umeshika kutu ndani ya ganda lake, haurudi mpaka mwisho. Tulikosa kupanda ekari nne mwaka ule kwa sababu ya waya huo.

Kuna jambo la kuua ambalo lazima litangulie. Usiunganishe stata kwa bisibisi ukiwa umesimama kati ya tairi la mbele na la nyuma. Najua kila mtu ameona likifanywa, na linafanya kazi. Lakini trekta la dizeli huzimwa kwa stopa, si kwa ufunguo. Stopa ikiwa ndani, yaani dizeli iko wazi, na gia imeingia, injini ikishika kwa mzunguko wa kwanza tairi la nyuma linakuja juu yako kabla hujavuta mkono. Weka gia huru, funga breki, kingia tairi mawe, na stata ipigwe na mtu aliyekaa kwenye kiti.

Ukigeuza ufunguo, kimya kabisa

Angalia mkono mfupi wa kasi, ule wa High na Low. Kwenye 135 mkono huo usipokuwa katikati, swichi ya usalama kwenye giaboksi inakata umeme wa stata. Nimeshuhudia betri ikinunuliwa mpya kwa sababu ya mkono uliosukumwa na goti la utingo wakati akishuka. Kama swichi hiyo iliwahi kuunganishwa moja kwa moja ili kuondoa usumbufu, irudishe. Ndiyo inayozuia trekta kuwaka likiwa kwenye gia.

Mkono ukiwa sawa, washa taa za mbele kisha piga stata huku mtu akizitazama. Taa zikizimika au kufifia kabisa, umeme upo lakini haupiti: betri imekufa, au vichwa vyake havishiki. Taa zikibaki na nguvu ileile, umeme haujaitwa, kwa hiyo tafuta kwenye swichi ya ufunguo, waya mwembamba wa solenoidi (swichi kubwa inayoipa stata umeme), au solenoidi yenyewe. Fuata waya huo kwa mkono toka mwanzo hadi mwisho. Trekta lililolala miezi mitatu kwenye banda la mahindi lina panya, na panya hula ganda la waya mahali usipopaona, kwa kawaida chini ya dashibodi.

Vichwa vya betri vikiwa na unga mweupe au wa kijani, vifungue, ukianza na hasi. Sisi wa huku tuna magadi jirani, na magadi yanauweza unga huo: koroga kijiko kwenye maji ya moto, mwagia vichwa taratibu, acha yatoe povu, suuza, kausha, piga msasa mpaka risasi ing'ae. Vizibo vya betri viwe vimefungwa, maji ya magadi yasiingie ndani. Ukifunga, paka grisi juu.

Kisha waya wa ethi, unaotoka betri kwenda kwenye bodi. Huu husahaulika kuliko waya wowote. Bolti yake imekaa kwenye rangi, kutu na tope la miaka. Ifungue, kwangua mpaka chuma kitupu kionekane, ikaze. Ninaufungua kila mwanzo wa msimu hata kama trekta linawaka vizuri.

Stata inalalamika, injini inazunguka kivivu

Mwendo wa kivivu unatosha kabisa kuzuia trekta kuwaka, hata kama kila kitu kingine ni kizima. Pistoni ikipanda polepole, hewa inapata muda wa kuvuja pembeni ya ringi na joto linaishia kwenye ukuta wa silinda, hivyo dizeli inaingia isiungue. Utaona moshi mweupe hafifu, uanze kuilaumu nozeli, kumbe ni betri.

Betri nzima ya volti 12 iliyojaa, ikiwa imepumzika, inasoma kama 12.6 kwenye mita. Ikisoma 12.2 imebaki nusu. Muhimu zaidi ni inachosoma wakati stata inapigwa: ikishuka chini ya 9.5, ama haina chaji ama imechoka. Usiye na mita, tumia mkono. Piga stata sekunde kumi, zima, halafu gusa kila kiungo cha waya mnene: vichwa vyote viwili, bolti ya ethi, bolti ya stata. Kiungo cha moto ndicho kinachokula umeme wako. Kifungue, ukisafishe, hata kama kwa macho kinaonekana safi.

Asubuhi za Juni na Julai huku kwetu ni za baridi kweli, na oili nzito inakuwa kama asali. Kanyaga klachi mpaka chini unapopiga stata, ili stata isiburuze pia gia zilizolala ndani ya oili ya giaboksi. Tofauti utaisikia kwa sikio.

Kuunganisha betri mbili kwa kufuatana ili stata ipate volti 24, sikushauri. Injini itazunguka haraka, ndiyo, lakini stata ya volti 12 haikutengenezwa kwa hilo, na taa au swichi iliyo wazi inaungua. Ukiazima betri, ziunganishe chanya kwa chanya, hasi kwa hasi.

Inapiga "tok" moja na kukwama

Hapa acha mara moja. Usipige tena, na usiliite trekta lingine lije kulivuta.

Ekzosi ya 135, kwenye mengi, imesimama wima mbele kama bomba la jiko. Mvua ya usiku mmoja ikiingia humo, maji yanashuka hadi kwenye silinda ambayo valvu yake ya kutolea moshi imebaki wazi. Maji hayabanwi kama hewa. Pistoni ikipanda inayakuta, inasimama, na stata ikiendelea kulazimisha, au trekta likivutwa, kinachopinda ni konrodi, mkono wa chuma unaoishika pistoni. Umeanza na glasi ya maji, unamaliza na injini iliyoshushwa chini.

Fungua nozeli zote tatu, toa. Tafuta njia ya kuizungusha injini kwa mkono, kwa spana kwenye nati ya puli ya mbele, taratibu, na maji yatatoka kwenye matundu ya nozeli. Usiinamie matundu hayo. Yakiisha, zungusha kwa stata mara chache nozeli zikiwa bado nje, kisha pima oili: ikiwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa, imwage kabla ya kuwasha. Baada ya hapo, kopo tupu la maziwa linaloingia juu ya bomba linatosha kukinga mvua, na kila dereva akishuka jioni alifunike.

Kama nozeli ziko nje na injini bado haizunguki, tatizo si maji. Trekta lililolala miaka huweza kushika kutu kwenye kuta za silinda, au meno ya stata yakawa yameng'ang'ania kwenye ringi ya flaiwili. Stata ifungue kwanza, maana ni bolti tatu tu.

Inazunguka vizuri, lakini hakuna moshi hata chembe

Matrekta mengi yaliyogoma ambayo nimeitwa kuyaona yako kwenye fungu hili. Injini inazunguka kwa kasi, ekzosi inapumua hewa safi. Maana yake dizeli haifiki kwenye silinda kabisa.

Anza na stopa, kwa sababu niliyoieleza. Usiamini kitasa cha kwenye dashibodi. Nenda kwenye pampu yenyewe, uone mkono mdogo umerudi mpaka mwisho. Kisha angalia kama dizeli imo ndani ya tangi, kwa kijiti, maana geji za matrekta haya nyingi zilikufa zamani. Bomba dogo lililo chini ya tangi liwe wazi. Watoto hulifunga, na wezi wa dizeli hulichezea.

Sasa fuata njia ya mafuta kutoka juu kwenda chini, hatua kwa hatua, bila kuruka. Tangi la 135 liko juu ya injini, kwa hiyo dizeli hushuka yenyewe. Fungua paipu inapoingia kwenye fidi pampu, ile ndogo yenye mkono wa kupampia ubavuni mwa injini. Dizeli itiririke kama chai inayomiminwa kutoka kwenye birika. Ikidondoka matone, kizibo kiko juu: chujio la ndani ya tangi limejaa uchafu, au bomba lina takataka. Puliza paipu kuelekea kwenye tangi huku kifuniko cha tangi kikiwa wazi. Ukisikia mapovu yanapanda, njia imefunguka, lakini uchafu bado umo ndani na utarudi. Siku ukipata nafasi, shusha tangi ulioshe.

Ikitiririka vizuri, rudisha paipu. Fungua paipu ya upande wa pili wa fidi pampu, pampia kwa mkono. Kila ukisukuma, dizeli itoke kwa nguvu. Mkono ukiwa mlegevu, hauna uzito, usiseme pampu imekufa. Mara nyingi kamu inayoisukuma imesimama kwenye kilele chake. Zungusha injini duara moja kamili, mkono utapata uzito wake. Bado haisukumi? Ifungue kifuniko cha juu uone chujio la waya na gasketi yake, kisha dayaframu, ule utando unaosukuma dizeli. Dayaframu iliyopasuka ina hatari ya pili: inaachia dizeli idondokee kwenye oili ya injini. Chomoa kijiti cha oili. Kama oili imepanda kuliko ulivyoiacha na inanukia dizeli, usiwashe mpaka umebadilisha dayaframu na oili pia.

Baada ya fidi pampu ni filta. Filta za CAV za aina hii zinafungwa na bolti moja ndefu katikati, na siri yake iko kwenye raba. Kuna raba ya juu, ya chini, na ile ndogo nyembamba inayovaa bolti ya katikati. Ukinunua filta mpya, raba mpya zimo ndani ya boksi. Raba ya zamani hung'ang'ania juu kwenye kichwa cha filta, rangi yake imekuwa moja na chuma, na fundi mwenye haraka anaweka mpya juu yake. Raba mbili zikikaliana hazifungi. Pitisha ukucha kule juu mpaka uwe na hakika hakuna iliyobaki.

Kwa kuwa sasa umefungua paipu, upepo umeingia, na pampu ya nozeli haiwezi kusukuma upepo. Lazima uutoe, na mpangilio una maana.

Safisha kwanza kwa brashi na dizeli kila skrubu utakayogusa. Tumia spana za inchi; skrubu nyingi za trekta hili si za milimita, na spana inayokaribia kutosha ndiyo inayokula vichwa. Legeza skrubu ya kutolea upepo iliyo juu ya filta. Kama zipo filta mbili, anza na ile inayopokea dizeli kwanza. Pampia taratibu kwa mkono. Mwanzo itatoka povu nyeupe kama ya sabuni, kisha mapovu makubwa yanayopasuka, kisha dizeli tupu, ya rangi moja, bila hata kapovu. Usikaze povu likiisha tu; pampia tena mara kumi uone, na ukaze huku bado unasukuma. Nenda kwenye pampu ya nozeli: ina skrubu mbili ndogo, moja ubavuni chini, nyingine juu kwenye kifuniko. Fanya ya chini mpaka itoke safi, kaza, kisha ya juu.

Mwisho ni paipu za chuma za nozeli. Legeza nati mbili kati ya tatu kwenye nozeli, nusu duara tu, usizitoe. Stopa iwe ndani, mkono wa mafuta ufunguliwe wote. Piga stata sekunde kumi na tano, pumzisha stata dakika moja, piga tena. Dizeli itaanza kuchuruzika kwenye nati, halafu kuruka kwa vishindo. Injini ikianza kutaka kushika kwa silinda ile moja, kaza nati hizo huku inazunguka, ikiwa mikono yako na nguo haziko karibu na feni.

Dizeli ikifika mpaka kwenye skrubu ya juu ya pampu ikiwa safi, lakini kwenye nati za nozeli haitoki kitu, na stopa una hakika nayo, hapo ndipo pampu inapoanza kutajwa. Tutairudia.

Moshi mweupe unatoka, haishiki

Moshi mweupe ni dizeli iliyoingia, ikapata joto, ikageuka mvuke bila kuungua. Ni habari njema kuliko kutoona kitu. Njia ya mafuta inafanya kazi.

Kama ni asubuhi ya baridi, tazama hita ya hewa. Massey nyingi zina Thermostart kwenye bomba la kuingizia hewa: kidude kinachowasha dizeli kidogo ili hewa iingie ikiwa na joto. Geuza ufunguo upande wa kupasha, hesabu sekunde kumi na tano hadi ishirini, kisha piga stata. Kuijua kama inafanya kazi, gusa bomba la hewa hapo ilipofungwa baada ya kupasha, liwe vuguvugu. Likibaki la baridi, ama waya wake umekatika, ama dizeli haifiki kwake.

Wengi badala ya kuitengeneza hufunga tambara kwenye fimbo, wanalichovya dizeli, wanaliwasha na kulisogeza kwenye mdomo wa hewa. Linawaka, lakini vipande vya tambara vinamezwa, na moto karibu na tangi la dizeli na nyasi za bandani umeshaunguza mabanda. Dawa ya kopo ya kupuliza ili injini iwake nayo usiitumie kamwe kwenye injini yenye Thermostart. Inalipuka ndani ya bomba la hewa.

Hita ikiwa nzima, au kama hakuna baridi, chukua sampuli ya dizeli. Fungua skrubu ya chini ya filta, kinga kwenye chupa safi ya maji ya kunywa, iache imesimama dakika kumi. Maji yatakaa chini na mstari utauona wazi. Yanatoka kwenye mapipa yanayolala nje na tangi linaloachwa nusu usiku kucha. Dizeli iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa hutaitambua kwenye chupa, kwa sababu mafuta ya taa yanachanganyika na dizeli yasijitenge. Serikali ya Tanzania ilianza kuweka vinasaba (alama ya kutambulia mafuta halali) kwenye mafuta mwaka 2010 kwa sababu ya mchezo huo. Nunua mahali unapopaamini na tunza risiti, kwani pampu hii ya CAV haina oili yake. Inalainishwa na dizeli hiyohiyo inayopita ndani yake, na mafuta ya taa ni makavu.

Nozeli inafuata. Nozeli nzuri inapuliza ukungu, iliyochoka inakojoa. Ipeleke nozeli ikapimwe kwenye mashine, ni kazi ya nusu saa na bei yake si ya kutisha. Ukirudisha, weka washa mpya ya shaba chini yake, na hakikisha ya zamani haikubaki kwenye tundu.

Kama kuna mtu alishafungua kitu hivi karibuni, kagua kazi yake. Paipu za nozeli zikibadilishana nafasi, dizeli inaingia wakati usio wake. Mpangilio wa kuwaka kwa silinda za injini hii ni 1-2-3. Pampu ikifungwa bila mistari kulingana, moshi mweupe utautoa mpaka betri iishe.

Cha mwisho kwenye moshi mweupe ni injini yenyewe kuchoka. Dalili zake zilianza zamani: inakunywa oili, inapumua moshi kwenye bomba la kupumulia, ikiwa ya moto inawaka na ikipoa haiwaki, na dereva amezoea kuliegesha kwenye mteremko. Kabla ya kusema ringi, pima nafasi ya valvu kwa fila geji, vile vipande vyembamba vya chuma vya kupimia. Inatakiwa 0.30 mm injini ikiwa ya baridi. Valvu isiyo na nafasi haifungi, na hewa iliyobanwa inatorokea hapo. Nimeona injini iliyohukumiwa ovahali ikipona kwa kurekebisha valvu peke yake, saa moja na nusu chini ya mwembe.

Kuhusu kulivuta: Massey yenye Multi-Power (giaboksi inayobadili mwendo kwa presha ya oili) haiwaki kwa kuvutwa. Nyingine zinawaka, ila hakikisha kwanza hakuna maji kwenye silinda.

Moshi mweusi

Ni nadra kwa trekta lisilowaka. Dizeli ipo, hewa haipo. Fungua kisafisha hewa. Bakuli la chini lina oili; ikizidi mstari inavutwa, ikigeuka tope inaziba. Na kama trekta lililala, angalia kama panya hajajenga humo. Niliwahi kutoa nyasi na magunzi yaliyojaa ndoo.

Linawaka, linakwenda dakika ishirini, linazima

Ukiliacha lipumzike linawaka tena, na dakika ishirini baadaye linazima tena. Wengi hudhani ni joto. Likizima, usiliguse, nenda kwenye tangi ufungue kifuniko taratibu ukiwa umetega sikio. Ukisikia "fyuu" ya hewa ikiingia, umepata. Kifuniko kina tundu dogo la kupumulia, na nyigu wale wanaojenga kwa udongo wanalipenda. Wakilifunga, dizeli inashuka mpaka tangi linashindwa kuivuta hewa ndani, na mtiririko unasimama. Unapokaa ukinywa maji chini ya mti, hewa inapenya kidogo kidogo, ndiyo maana linawaka tena. Zibua kwa waya mwembamba. Kama kifuniko si tatizo, rudi kwenye mtiririko wa tangi na filta kama nilivyoeleza.

Pampu ya nozeli

Umefika hapa kwa haki. Dizeli safi, isiyo na upepo, inaingia kwenye pampu, stopa imerudi, injini inazunguka kwa kasi, nozeli hazipati kitu. Kwa trekta lililolala muda mrefu, mara nyingi ni kivalvu cha ndani cha kupimia mafuta kimegandishwa na dizeli iliyozeeka au kutu ya maji. Kabla ya kuishusha, jaza pampu dizeli safi, iache usiku kucha, sogeza mkono wa mafuta mbele na nyuma mara nyingi, na gongagonga mwili wa pampu kwa mpini wa bisibisi, taratibu. Wakati mwingine kinaachia.

Kisipoachia, iende kwa fundi mwenye mashine ya kupimia. Kuifungua juu ya bonet kwa spana za kawaida ni kuiua; vyuma vya ndani vimesagwa kufuatana kiasi kwamba punje ya mchanga inatosha kuvishikanisha. Kabla ya kulegeza bolti, tafuta mstari kwenye flanji ya pampu na mwenzake kwenye bodi ya injini. Kama hauonekani, chora wako kwa ncha kali, piga picha kwa simu. Weka namba kwenye paipu zote tatu na ziba kila mdomo kwa nailoni safi.

Ikirudi, linganisha mistari, funga, na utoe upepo upya kuanzia filta. Likiwaka, liache likinguruma taratibu na ukague kila nati uliyolegeza. Kwa paipu za nozeli tumia kipande cha boksi kutafuta uvujaji, usitumie kidole. Presha ya pale inazidi bar 150, na uzi wa dizeli usiouona unapenya ngozi bila maumivu makubwa. Ikikutokea, hata kama alama ni ndogo kama ya sindano, zima trekta na uende hospitali saa hiyohiyo, ukamwambie daktari ni dizeli ya presha.